Mbuni wako unaumwa nini? Dalili, sababu na tiba kwa walio Nairobi na viunga vyake

Mbuni, yaani mti wa kahawa, ni kichaka cha msituni. Kwao ni misitu ya milima ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, nyanda za Boma kule Sudan Kusini, na kwetu hapa Mlima Marsabit, ambako huota wenyewe chini ya miti mirefu. Chini ya miti ile kuna kivuli chepesi, majani mengi yaliyooza juu ya udongo, mvua ya majira na kisha kiangazi. Mmea huohuo ukipandwa Ruaka kando ya ukuta wa mawe, kwenye udongo uliobaki na saruji ya mafundi, ukamwagiliwa kila jioni pamoja na nyasi, lazima uugue.

Watu huja kitaluni na jani lililofungwa kwenye gazeti, au picha kwenye simu, na swali huwa lilelile: nipige dawa gani? Mara nyingi hakuna dawa ya kupiga. Shida huwa ni maji, udongo au mahali, na pesa inayokwenda agroveti ingetosha kununua mzigo mzima wa samadi iliyoiva. Kwa hiyo chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo sana, nikamalizia na ile ya nadra, na ukaguzi usio na gharama umetangulia.

Kabla ya yote

Jua aina ya mbuni wako. SL28 na SL34, zilizochaguliwa Kabete katika Scott Laboratories miaka ya 1930, zina kahawa inayosifiwa dunia nzima, lakini hazina kinga dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ambao wakulima wengi hapa huuita CBD, wala dhidi ya kutu ya majani. Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985. Ni fupi, imeshikana, na inastahimili magonjwa hayo. Batian ilifuata mwaka 2010. Ni ndefu kama SL na nayo inastahimili yote mawili. Kama hujui ulichonacho, tazama majani machanga kabisa kwenye ncha: kwa SL28 kawaida huwa ya kijani, kwa SL34 yana rangi ya shaba. Ruiru 11 utaitambua kwa pingili zake fupi.

Kisha chimba kwa panga, kina cha kiganja hivi, nusu mita kutoka kwenye shina, ushike udongo. Ukiufinya ukatoa maji, acha kumwagilia leo. Ukiwa vumbi tupu, umepata jibu lingine. Mwisho geuza jani utazame upande wa chini, maana magonjwa na wadudu wengi wa mbuni hujificha huko.

Mbegu haioti

Sababu kubwa ni mbegu iliyokufa. Kahawa si mahindi, haikai ghalani mwaka mzima ikisubiri. Ikihifadhiwa kwenye joto la kawaida la nyumba, nguvu yake hushuka sana ndani ya miezi michache. Buni mbichi za kukaangwa kutoka dukani karibu zote hazifai kupandwa. Chukua matunda mekundu kabisa kutoka mti wenye afya, yamenye kwa vidole, osha utelezi, anika kivulini siku chache, panda bila kuondoa ganda la ngozi linalofunika mbegu, upande bapa ukitazama chini.

Sababu ya pili ni baridi. Mbegu iliyopandwa Juni Nairobi inaweza kukaa miezi miwili bila kuonekana, na wengi huifukua wakiitafuta. Iache. Funika kitalu kwa nyasi kavu na ulinde unyevu.

Angalizo kwa wenye Ruiru 11: mbegu utakayookota chini ya mti wako haitazaa Ruiru 11. Aina hiyo ni chotara, na mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono pale Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, Ruiru. Miche utakayoipata itakuwa mchanganyiko, na mingine haitakuwa na kinga. Batian haina shida hiyo.

Mche unalala chini, au umedumaa baada ya kupandwa

Mche mchanga ukilala na shina lake limesinyaa na kuwa jeusi usawa wa udongo, hiyo ni kuvu ya kitalu. Huletwa na maji mengi na kivuli kizito. Ng'oa iliyougua pamoja na udongo wake, punguza maji, fungua kivuli kidogo ili hewa ipite. Dawa haitaufufua uliokwisha kulala.

Mche uliopandwa shambani ukagoma kukua kwa mwaka mzima ni habari nyingine, na mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kuutoa kitaluni. Mzizi mkuu ulipinda. Ng'oa mmoja uliodumaa zaidi uone: mzizi utakuwa umejikunja kama ndoano ya kuvulia samaki, umerudi juu badala ya kushuka. Mti wa namna hiyo unaweza kuishi miaka miwili au mitatu, ukaweka hata matunda ya kwanza, kisha ukanyauka kiangazi kikija kwa sababu haujui njia ya kwenda chini. Hauponi. Ondoa upande mwingine, na safari hii kata chini ya mfuko wa mche sentimita mbili hivi kabla ya kupanda, ili ncha iliyojisokota iondoke.

Shimo nalo lina lawama yake. Shimo la mbuni ni sentimita 60 kwenda chini na 60 kila upande, lichimbwe miezi miwili au mitatu kabla ya mvua, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyoiva. Kwenye udongo mwekundu wa Kiambu, Kabete na Kikuyu hilo linatosha. Kwenye udongo mweusi wa Embakasi, Ruai, Syokimau au Kitengela shimo hugeuka karai: maji ya mvua huingia yasitoke. Huko panda juu ya tuta lililoinuliwa, au panda kwenye pipa kubwa lililotobolewa chini. Ushauri wangu kwa mwenye ploti ya udongo mweusi ni pipa, maana tuta litataka kazi kila masika.

Majani yanageuka manjano

Hii ndiyo dalili inayoletwa kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Jambo la kuangalia ni mahali umanjano ulipoanzia.

*Umanjano umeanzia kwa majani makuukuu, chini na ndani ya mti, jani zima limefifia.* Mti una njaa ya nitrojeni, au mizizi imezama majini haiwezi kula hata kama chakula kipo. Chimba kwanza. Udongo ukiwa umelowa na una harufu ya kuoza, mbolea itaongeza madhara tu. Fungua mfereji, acha kumwagilia, subiri majani mapya. Udongo ukiwa mzuri, weka samadi debe moja kuzunguka mti, chini ya ncha za matawi na si kwenye shina, halafu tandaza nyasi kavu juu. Mbolea ya CAN hufanya kazi upesi, lakini iwekwe wakati mvua imeshika.

*Umanjano uko kwenye majani makuukuu, katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani.* Magnesiamu imepungua. Hutokea sana pale mtu alipoweka mbolea ya potasiamu au majivu ya jikoni kwa wingi mwaka baada ya mwaka. Acha majivu.

*Umanjano uko kwenye majani machanga, juu, na mishipa imechorwa kijani kama wavu.* Huu ni ukosefu wa chuma, na ndio ugonjwa hasa wa nyumba za Nairobi. Chuma kipo kwenye udongo wetu mwekundu tele. Kinachokosekana ni asidi ya kukiyeyusha. Mbuni hupenda udongo wenye asidi kiasi, pH ya 5 hadi 6. Mafundi waliochanganya mota pale unapopanda sasa waliacha chokaa, na chokaa hupandisha pH. Chukua udongo wa mguuni pa mti, uweke kwenye sahani, dondoshea siki ya jikoni. Ukitoa mapovu, kuna saruji au chokaa ndani.

Chanzo kingine cha shida hiyohiyo ni maji. Mitaa mingi siku hizi inategemea visima virefu vya mashine, na maji ya visima vingi vya Nairobi yana sodiamu, floridi na bikaboneti nyingi. Ukiyamwagilia kila siku kwa miaka, udongo hubadilika polepole. Kama una paa, kinga maji ya mvua kwa ajili ya mibuni, hayo ya kisima yabaki kuoshea gari. Ondoa vipande vya mota unavyoviona, jaza mboji na matandazo, na kwa haraka ya muda mfupi puliza majani kwa mbolea ya chuma ya maji kutoka agroveti. Majani yaliyopo hayatarudi yote kuwa kijani. Hesabu ushindi kwa yale yatakayochipua.

*Kingo za majani zimeungua, rangi ya kahawia, hasa baada ya kuweka mbolea.* Umeweka samadi ya kuku ikiwa mbichi. Iondoe, mwagilia kwa wingi mara moja kuosha chumvi, usirudie. Samadi ya kuku ikae miezi mitatu chini ya kifuniko kwanza.

*Mabaka ya kahawia upande mmoja tu wa mti, ule unaotazama jua la alasiri au ukuta wa mabati.* Jua limeuchoma. Mche uliotoka kwenye kivuli cha kitalu hadi jua kali siku moja huungua hivyohivyo. Upe kivuli chepesi: mgomba, au mti mwingine wa kivuli uliopogolewa. Kivuli kizito cha mwembe au mwarubaini hakifai.

Ukikagua yote hayo na mti ukabaki manjano, usiendelee kubahatisha kwa mbolea za maji za rangi rangi. Chukua udongo kutoka sehemu kadhaa za shamba, kina cha sentimita 20, changanya, peleka nusu kilo kwenye maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Kabete. Kipimo kitakuambia pH na madini, na utajua unanunua nini.

Unga wa rangi ya chungwa chini ya jani

Pitisha kidole gumba chini ya jani. Kikitoka na unga wa chungwa, hiyo ni kutu ya majani, na hakuna kitu kingine cha kufanana nayo. Juu ya jani utaona doa la manjano lililofifia mahali palepale. Ndiyo iliyoangusha kilimo cha kahawa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo, tangu ilipoonekana huko mwaka 1869; kisiwa kikahamia kwenye chai.

Hupenda joto na unyevu, kwa hiyo mibuni ya upande wa Ruiru, Juja na Thika huugua kuliko ile ya Kikuyu. Mti ulio na njaa na matawi yaliyosongamana huumia zaidi. Anza kwa kupogoa ili hewa ipite, lisha mti, kusanya majani yaliyoanguka. Kama una SL, piga dawa ya kopa, yaani dawa ya kuvu yenye madini ya shaba, kabla mvua haijaanza, kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye lebo. Kopa hukinga jani ambalo bado halijaugua, kwa hiyo ukisubiri hadi majani yapukutike umechelewa.

Mti wa Ruiru 11 au Batian ukionekana na kutu nyingi, piga picha, chukua majani machache, wape watu wa utafiti Ruiru. Huenda uliuziwa mche usio wa aina uliyoambiwa. Lakini huenda kuvu imebadilika, na hilo wanahitaji kulijua.

Majani yana masizi meusi, na sisimizi wanapanda na kushuka

Masizi yenyewe hayali mti. Yamemea juu ya utomvu mtamu unaomwagwa na vidugamba au vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye vikonyo, na sisimizi wanawafuga hao kwa ajili ya utomvu. Kata mnyororo kwa sisimizi: pogoa matawi ya chini yanayogusa ardhi na nyasi zinazoegemea mti, kisha funga shina kwa utepe uliopakwa grisi, grisi isiguse gome. Osha majani kwa maji na sabuni ya mche iliyoyeyushwa kidogo sana. Sisimizi wakiondoka, wadudukobe na nyigu wadogo huja wenyewe kuwala vidugamba. Ukipiga dawa kali hapa unaua wasaidizi, na baada ya mwezi vidugamba hurudi wakiwa wengi kuliko mwanzo.

Mti mzuri, majani yanang'aa, lakini hakuna maua

Uliza umri kwanza. Mbuni huanza kuzaa kwa maana mwaka wa tatu. Batian na Ruiru 11 zinaweza kuonyesha maua mwaka wa pili. Kama umri umefika, fuata mambo haya.

Maji yasiyokatika ndiyo sababu kuu kwenye makazi. Machipukizi ya maua ya mbuni hulala, na kinachoyaamsha ni kiangazi kinachofuatwa na mvua nzito. Mtunza bustani anayepitisha mpira kila jioni Januari na Februari, kwa nia njema kabisa, anayanyima kiangazi. Mwambie aache kumwagilia mibuni iliyokomaa kuanzia katikati ya Januari. Majani yakilegea kidogo saa nane mchana na kusimama tena asubuhi, hiyo ni sawa. Yakibaki yamelegea asubuhi, umepitiliza, mwagilia. Mvua ya masika ikinyesha vizuri, maua hufunguka yote pamoja baada ya siku 8 hadi 12 hivi, meupe, na harufu yake hufika hadi barabarani. Hukaa siku mbili tatu tu. Mvua ya Oktoba na Novemba huleta maua ya pili. Kwa hiyo huku kwetu tunavuna mara mbili: mavuno madogo kati ya Aprili na Julai, makubwa Oktoba hadi Desemba.

Halafu kuna upogoaji. Mbuni hutoa maua kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita, si kwenye tawi kuukuu wala si kwenye chipukizi la juzi. Anayekata kila tawi ili kichaka kiwe mviringo kama ua la kei-apo anakata mavuno ya mwakani. Ondoa machipukizi yanayosimama wima ndani ya mti, matawi makavu na yaliyokwisha kuzaa. Acha yale mapya ya pembeni.

Kivuli kizito na nitrojeni nyingi huja baadaye. Ukiona majani makubwa ya kijani kibichi sana na pingili ndefu, punguza CAN, fungua kivuli.

Maua yaliyotoka yakiwa madogo, magumu, ya kijani na umbo la nyota, joto na ukame viliyapata kabla hayajafunguka. Hayatashika matunda. Tandaza nyasi nene ili udongo upoe, usubiri msimu mwingine. Maua yaliyofunguka vizuri yakipukutika baada ya siku tatu, usishtuke, ndivyo yalivyo. Tazama kama nyuma yake pamebaki kipele cha kijani. Na usipige dawa yoyote ya wadudu wakati maua yako wazi. Mbuni wetu hujichavusha wenyewe, lakini nyuki huongeza, na nyuki hao ni wa mtaa mzima.

Matunda yanageuka meusi yakiwa bado ya kijani

Hapa watu hupoteza msimu mzima kwa kuchanganya vitu viwili.

Cha kwanza, na kinachotokea sana kwa mibuni ya nyumbani, ni mti kuzidiwa na mzigo. Ulitoa maua mengi, hukupunguza, hukulisha. Tazama majani: tawi lenye matunda mengi limepukutika majani, ncha yake imekauka na kuwa nyeusi kutoka nje kuja ndani, na matunda yamesinyaa, yamefifia manjano kabla ya kuwa meusi. Dawa ya kuvu hapa ni pesa ya bure. Vua matunda nusu kwenye matawi yaliyozidiwa, hata yakiwa machanga. Inauma, najua, lakini usipoyavua utapoteza na tawi. Lisha, tandaza, pogoa baada ya mavuno.

Cha pili ni chulebuni. Majani yako salama, tawi liko hai, lakini tunda la kijani lina doa jeusi lililodidimia, kama limebonyezwa kwa kichwa cha kiberiti. Doa hupanuka, tunda linaoza au linabaki likining'inia, limekauka na kuwa jeusi. Matunda hushikwa zaidi yakiwa na wiki nne hadi kumi na nne, wakati yanapojaa, na kwetu hiyo huangukia masika na baridi ya Juni na Julai. Ugonjwa huu uligunduliwa mara ya kwanza hapahapa Kenya, mwaka 1922, na kuvu yake inaitwa *Colletotrichum kahawae*. Ukungu, manyunyu na ubaridi ndivyo inavyovipenda, hivyo upande wa juu, Kikuyu kwenda Limuru, unaumia zaidi.

Vua matunda yote yaliyougua, pamoja na yale makavu ya msimu uliopita, uyafukie mbali. Fungua katikati ya mti. Kopa huanza kupigwa kabla ya masika na kurudiwa wakati wa mvua na baridi. Mara moja haisaidii kitu. Kwa mwenye mibuni michache ya SL nyumbani nasema waziwazi: usijitie kwenye kazi hiyo ya kila mwezi kila mwaka. Kata shina, acha chipukizi moja au mawili, halafu fundi apachike Batian au Ruiru 11 juu ya mzizi ule wa zamani. Mzizi ulioshika ardhi miaka ishirini ni mali, na kichwa kipya kitazaa mapema kuliko mche.

Sababu ya tatu, adimu zaidi kwenye mwinuko wetu, ni ruhuka. Utaona tundu dogo la mviringo kwenye kitovu cha tunda, na ukilipasua, mbegu imetobolewa na kimdudu cheusi. Okota matunda yote yaliyoanguka, usiache hata moja mtini baada ya mavuno.

Kabla ya kupiga dawa yoyote: hakikisha chupa ina lebo yenye namba ya usajili wa Kenya. Kataa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Vaa glavu na barakoa, piga asubuhi kabla ya upepo, ondoa watoto na nguo kwenye kamba, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mti ukiwa mrefu kuliko wewe, au ukiwa umegusana na dirisha la jirani, mwite mpigaji dawa aliyefunzwa.

Mti uliokuwa mzima unanyauka ghafla

Usimwagilie wala usiweke mbolea kwanza. Shika shina ulitikise.

Ukitikisika na kuinuka kirahisi, karibu kila mara ni fuko amekula mizizi. Kiambu, Kikuyu na Limuru wanamjua vizuri. Utaona vichuguu vya udongo mbichi karibu. Mti wenyewe umekwisha. Mtafute mtegaji kabla hajafika kwa wa pili.

Ukisimama imara, piga magoti utazame shina usawa wa udongo. Unga kama wa mbao za randa, na gome lililoguguniwa kuzunguka, ni kazi ya bungua, hasa sehemu za chini zenye joto. Tafuta tundu, ingiza waya mwembamba hadi umfikie kiwavi. Gome likiwa limezungukwa lote, mti hauna njia ya kuishi.

Pasipo unga, kwaruza gome kwa kisu kidogo chini kabisa. Mti mzima una rangi ya kijani na nyeupe ndani. Ukikuta kahawia au zambarau ikipanda kutoka mizizini, na majani yamekauka yakiwa bado yameshika matawi, shuku fuzari, kuvu inayoozesha gome na mizizi. Ukikuta utando mweupe mwembamba, wenye harufu ya uyoga, kati ya gome na mti, hiyo ni armilaria, kuvu ya mizizi inayotoka kwenye visiki vya miti mikubwa iliyokatwa. Viwanja vilivyofyekwa miti karibuni vinayo sana.

Hapa simama. Usichimbe ukapeleka udongo kwenye mibuni mingine, usitumie kisu hichohicho bila kukiosha kwa spiriti, usipande mbuni mwingine kwenye shimo lile. Mwite afisa wa kilimo wa kaunti ndogo yako au upeleke kipande cha shina na mizizi Ruiru. Mti mmoja ukifa ni hasara ndogo, lakini miwili au mitatu ikifuatana kwa mstari ni ya kupiga ripoti siku hiyohiyo. Nchi jirani zina mnyauko wa kahawa ambao umeangamiza mashamba makubwa. Kwa sababu hiyo usivuke mpaka na miche au buni mbichi za kupanda mkobani. KEPHIS, wakaguzi wa serikali wa afya ya mimea, wapo kwa kazi ya kukagua hayo.

Matunda yameiva vizuri, kahawa haina ladha

Mara nyingi umechuma mchanganyiko: mekundu, manjano na mabichi. Chuma mekundu tu, rudi baada ya wiki mbili kwa yaliyobaki. Mimina matunda kwenye ndoo ya maji uondoe yanayoelea. Kilo sita au saba za matunda hutoa kilo moja ya buni safi, kwa hiyo usishangae mavuno ya vichaka vitatu yakiishia kwenye mkebe.

Ikinukia uchachu kama siki, ulichelewa kuosha. Baada ya kumenya, buni huchacha usiku mmoja hadi saa 36 kwa baridi ya Julai. Zisugue mkononi: utelezi ukiisha na zikakwaruzana, osha papo hapo. Ikinukia uvundo, ulianika nene au sakafuni. Tumia wavu ulioinuliwa, tabaka jembamba, geuza kila saa, funika mchana jua likiwa kali na usiku wote; wiki mbili hivi zitatosha.

Ladha ya kiazi kibichi ni jambo la shambani. Inahusishwa na antestia, kunguni bapa mwenye madoa meusi, meupe na ya chungwa, anayetoboa tunda changa na kuacha njia ya bakteria. Tikisa matawi asubuhi juu ya shuka jeupe. Ukipata wawili au zaidi kwa kila mti, pogoa kichaka kiwe wazi na upige dawa ya pareto jioni. Kwa buni ulizokwisha kuvuna, chagua kwa mkono zenye michirizi au mashimo uzitupe.

Maganda mekundu usiyatupe. Yakianikwa vizuri huchemshwa na tangawizi, kama Wayemeni wanavyofanya na kishiri chao. Yaliyobaki yaoze mwezi mzima kabla ya kurudi shambani. Usiyaweke mahali mbwa anafika, wala masalio ya kahawa iliyokaangwa, maana kafeini huwadhuru. Na kama mavuno yamezidi mahitaji ya nyumbani, pita ofisi ya kilimo ya kaunti kabla ya kumuuzia mtu yeyote: biashara na usafirishaji wa kahawa Kenya vinataka usajili na vibali, na gunia lisilo na karatasi linaweza kukamatwa njiani.